Njia Mbili

Mwalimu Mwanajaa alifunga madirisha yote,
akatuacha thelathini na mmoja gizani
na jasho letu na mafuta ya nazi,
akaomba unywele. Mmoja tu, wa kichwa chochote.
Tukaoneana haya.
Mwishowe Thureya akapenyeza vidole chini ya mtandio,
akang'oa, akautoa kama mtu anayelipa deni la dukani.

Leza ilinunuliwa Langoni, shilingi mia mbili,
kichezeo cha kuchokozea paka.
Unywele akaubandika mdomoni mwake kwa gundi.
"Sasa nuru ina njia mbili,
kushoto kwa unywele na kulia kwa unywele.
Itapita ipi?"
Nyuma kabisa mtu akajibu:
"Njia mbili zilimshinda fisi."

Tukacheka, maana sote tulimjua fisi:
nyama inanukia huku, nyama inanukia huku,
mguu mmoja kule, mguu mmoja hapa,
mpaka akapasuka msamba.
Lakini ukutani, juu ya chokaa,
haikuja nukta moja wala nukta mbili.
Ilikuja milia, myekundu na myeusi,
kama kikoi kilichotandazwa.
Nuru ilipita kotekote na haikupasuka.
Hata ukizituma chembe zake moja moja, alisema,
moja leo, moja kesho, milia itajichora vilevile.
Paka akajipenyeza chini ya mlango,
akaurukia mlia wa katikati,
akaambulia chokaa kwenye kucha.

Kisha Mwalimu akavunja miwani ya jua
ambayo mgeni mmoja aliisahau Shela.
Kipande kushoto, kipande kulia,
kimoja kakisimamisha, kimoja kakilaza.
"Sasa kila chembe inabeba alama ya njia yake."
Milia ikafutika.
Likabaki doa jekundu, limenywea,
kama mtu aliyeulizwa: jana ulikuwa wapi?

"Nani kaitazama?"
Nikanyoosha mkono. "Sisi, Mwalimu."
"Nyinyi mnaitazama tangu mwanzo, wala haikuwajali.
Si jicho. Ni alama.
Shahidi anaweza kuwa kioo. Anaweza kuwa vumbi.
Likishaandikwa mahali, limeandikwa,
hata asipatikane wa kulisoma."

Nilimkasirikia. Nilitaka liwe jicho.
Kwetu, kwenye kidaka cha tatu,
bahasha ya hospitali kutoka Mombasa
ilikuwa imeegemea bakuli la kaure, siku ya tisa.
Mama alisema, "Iwate papo.
Haiyafunguliwa, haiyanena."
Siku tisa nilikuwa na mama wawili:
mmoja anapepeta mchele, ananigombeza kwa viatu mlangoni,
na mwingine simtaji.
Nikawafuata wote wawili.
Usiku nilisikia msamba ukichanika.

Na kumbe bahasha si nuru.
Kule Mombasa kuna mtu alikodolea lenzi,
mwingine akapiga chapa, mhuri ukagonga,
na nyama yenyewe, kabla yao wote,
ilikuwa imeshaandika.
Ni sisi tu tusioambiwa.

Jioni nilifika mlangoni kwetu
nikapiga hodi. Kwetu! Sijui kwa nini.
Labda kwa sababu hodi haigusi kitu kwa ghafla;
humpa aliye ndani muda
wa kujikusanya, kutoka wote aliokuwa,
awe huyo mmoja atakayefungua.

Kukawa kimya. Kisha kanga ikapita mbio.
Kisha: "Nani? Ni wewe? Wajipigia hodi kwenu?"

Bakuli lilikuwa peke yake kidakani.
Taa ya ukumbini ilimpita Mama
kushoto na kulia,
na ukutani nyuma yake sikuona milia,
kivuli kimoja tu, kimeshika kitu.

"Keti," akasema. "Ule kwanda."